Sauti Iliyobaki Katika Maneno: Jenny Lind wa Uswidi na Waliompenda

Bibi Jenny Lind alizaliwa Stockholm, mji mkuu wa Uswidi, tarehe 6 Oktoba 1820, akafariki dunia huko Uingereza tarehe 2 Novemba 1887. Miaka kumi kabla ya kufa kwake, Thomas Edison wa Marekani alikuwa amekwisha kuvumbua chombo cha kunasa sauti. Hata hivyo hakuna sahani ya santuri iliyobaki yenye sauti ya Bibi huyu, na wote waliomsikia wamekwisha kuaga dunia. Yote tuyajuayo juu ya sauti hiyo, iliyowafanya watu wa London wararuane nguo mlangoni mwa ukumbi na watu wa New York wafurike bandarini kwa maelfu, tumeyapata kwa maneno ya watu. Na wengi miongoni mwa hao waliomsifu hawakuwa wamemsikia hata mara moja.

Katika makala haya tunakusudia kuitazama sifa hiyo: ilitoka wapi, ilishikwa na nani, ikatumiwa kwa mambo gani, na je, nyuma ya kelele zote hizo, bado yawezekana kuitambua sauti yenyewe? Swali hili linatuhusu sisi walimu wa lugha kuliko wanamuziki, maana hapa maneno ndiyo shahidi, na kazi yetu ya kila siku ni kuwapima mashahidi wa namna hiyo.

Hakuzaliwa katika raha. Mama yake alikuwa mwalimu aliyeendesha shule ndogo ya wasichana nyumbani, baba yake alikuwa karani wa mahesabu, nao hawakuwa wameoana alipozaliwa. Inasimuliwa kwamba alipokuwa na umri wa miaka tisa alikuwa akimwimbia paka wake dirishani, na mtumishi wa mcheza dansi mmoja wa ukumbi wa kifalme akapita njiani, akasimama kusikiliza, kisha akampelekea bibi yake habari. Bibi huyo, aitwaye Lundberg, alimwita mtoto, akamsikiliza, akampeleka kwa mwalimu Craelius. Hivyo mtoto akaingia shule ya michezo ya kuigiza ya ukumbi wa kifalme, akafundishwa huko kuigiza na kuimba. Pengine kisa cha paka kimetiwa chumvi, kama visa vya utoto wa watu mashuhuri vinavyotiwa chumvi kila mahali. La hakika ni kwamba tarehe 7 Machi 1838, akiwa na umri wa miaka kumi na saba, aliimba kwa mara ya kwanza nafasi kubwa katika opera, nayo ni ile ya Agathe katika mchezo wa Weber uitwao Der Freischütz. Na miaka miwili baadaye alipewa cheo cha mwimbaji wa mfalme.

Hapa inafaa tutue kidogo, kwa sababu wanaosimulia habari za Bibi Lind huharakisha kufika Marekani, wakaliacha jambo ambalo kwa maoni yetu ndilo kubwa kuliko yote. Sauti hiyo iliyosifiwa hivyo ilikuwa imeharibika. Kijana huyu aliimba mno, tena kabla hajafundishwa barabara namna ya kuvuta pumzi na kuitumia, hata alipofika miaka ishirini sauti ikaanza kukwaruza na kukatika. Mwaka 1841 alisafiri kwenda Paris kwa Manuel García, mwalimu aliyesifika kuliko wote wakati ule, ambaye miaka kumi na mitatu baadaye alikuwa wa kwanza kuzitazama nyuzi za sauti kooni kwa kutumia kioo kidogo. García alimsikiliza, akakataa kumfundisha. Alimwamuru kwanza anyamaze: asiimbe kabisa kwa majuma kadhaa, hata kuzungumza asizungumze ila kwa lazima, kisha arudi aangaliwe tena.

Alinyamaza, akarudi, akaanza upya kama mwanafunzi wa darasa la kwanza: kupanda na kushuka ngazi za sauti polepole, saa kwa saa, siku kwa siku. Aliporejea Stockholm mwaka 1842 alikuwa mwimbaji mwingine. Hata hivyo waliomsikia kwa makini wanasema kwamba sauti zake za katikati zilibaki na ukungu kidogo maisha yake yote, kama sauti iliyofunikwa kwa kitambaa chepesi. Za juu ndizo zilizong'aa. Mashabiki hawakuwa na habari ya ukungu huo.

Mwaka 1843 aliimba Copenhagen, mji mkuu wa Denmaki, na huko Hans Christian Andersen, yule mtunzi wa hadithi za watoto, akampenda mapenzi yasiyojibiwa. Mwishoni mwa mwaka huohuo Andersen alitoa hadithi ya ndege mwimbaji wa mfalme wa China, aliyeshindanishwa na ndege wa bandia wa kutiwa ufunguo. Na inakubaliwa kwamba mfano wa yule ndege hai alikuwa Bibi Lind. Jina la ndege huyo likamganda: kwa watu wote akawa ndege mwimbaji wa Uswidi.

Mwalimu atakayetaka kulitafsiri jina hilo kwa Kiswahili atapata taabu kidogo. Akisema "chiriku" atakuwa amemtaja ndege wa kelele, na tena kwetu chiriku ni mtu asiyejua kunyamaza. Ndege wanayemkusudia wao ni mdogo, wa rangi ya kahawia, asiye na uzuri wa kutazamwa, ila usiku wa mwanzo wa majira ya joto huimba hata msitu ukajaa. Wala si mgeni kwetu. Wale wa Uswidi husafiri kila mwaka kuja Afrika ya Mashariki na ya Kusini kuikimbia baridi, na pale Ngulia, katika mbuga ya Tsavo, wataalamu wamewanasa kwa nyavu na kuwavisha pete miguuni, katika usiku wa ukungu wa Novemba na Desemba. Hupita vichakani mwetu bila mtu kuwauliza jina.

Kutoka Denmaki sifa ilienea Ujerumani. Mwaka 1844 aliimba Berlin, mwaka 1845 Leipzig, ambako alifanya urafiki wa kudumu na mtunzi Felix Mendelssohn. Sifa ya mashabiki ina upande wake mchungu pia, na wa kwanza kuuonja walikuwa rafiki zake. Majira ya baridi ya mwaka 1846 kuingia 1847, Robert Schumann na mkewe Clara, mpiga piano hodari, walifanya maonyesho Vienna, na ukumbi ukawa na watu wachache mno. Bibi Lind alipojitolea kuimba nao katika onyesho la mwisho, ukumbi ulijaa tele. Fedha zilipatikana, lakini Clara aliona uchungu kwamba nyimbo chache zimefanya yale ambayo muziki wote wa mumewe na mikono yake yeye haukuweza kuyafanya. Watu hawakuja kusikiliza muziki. Walikuja kwa ajili ya mtu.

London ilimpata tarehe 4 Mei 1847, katika opera ya Meyerbeer iitwayo Robert le diable. Malkia Victoria alikuwapo. Nje, umati ulisukumana milangoni hata nguo za mabwana na mabibi zikararuka, kofia zikapotea chini ya miguu. Miaka miwili baadaye, tarehe 10 Mei 1849, aliimba opera kwa mara ya mwisho, naye hajatimiza miaka ishirini na tisa, kisha akaiacha moja kwa moja akabaki na nyimbo za maonyesho ya kawaida na za dini. Hakupenda maisha ya ukumbi wa michezo wala sifa mbaya iliyowafuata wanawake wa kazi ile. Pengine alilikumbuka jambo la kuzaliwa kwake pia. Vyovyote vile, uamuzi huo ulimwongezea sifa badala ya kumpunguzia, kwa kuwa sasa watu walimsifu kwa tabia kama walivyomsifu kwa sauti, na hatimaye mambo hayo mawili yakachanganyika hata haikuwezekana kuyatenga.

Mtu aliyeufahamu mchanganyiko huo kuliko wote alikuwa P. T. Barnum wa New York. Huyu alikuwa mfanyabiashara wa maonyesho, aliyekwisha kupata mali kwa kumzungusha duniani mtu mfupi ajabu aliyepewa jina la Jenerali Tom Thumb, na kwa kuwaonyesha watu samaki aliyeungwa na nyani akidai ni nguva. Alimwahidi Bibi Lind dola 1,000 kwa kila onyesho, hadi maonyesho 150, pamoja na gharama zote. Na Bibi naye, asiyekuwa mjinga wa mahesabu, alidai fedha ziwekwe amana London kabla hajapanda meli. Barnum aliweka dola 187,500. Na tufahamu kwamba alipotia sahihi mkataba huo alikuwa hajamsikia Bibi Lind akiimba hata wimbo mmoja. Yeye mwenyewe ameandika hivyo bila aibu, akaongeza kwamba asingethubutu kama Bibi huyo asingekuwa anajulikana kwa ukarimu wake kwa maskini.

Kisa kimoja alichokisimulia Barnum chatosha kuonyesha kazi aliyokuwa nayo. Akiwa katika gari moshi mara baada ya habari kutangazwa, alimwambia mkaguzi wa tiketi kwamba Jenny Lind anakuja Marekani. Mkaguzi akafikiri, akauliza kama huyo si mcheza dansi. Basi miezi iliyofuata, magazeti yakajazwa habari zake: wema wake, usafi wa maisha yake, sadaka zake, picha zake. Alipofika New York tarehe 1 Septemba 1850, watu wapatao 30,000 walikuwa wamejazana gatini na katika njia za karibu. Mkaguzi wa tiketi hakuwa na haja ya kuuliza tena.

Tiketi za kwanza ziliuzwa kwa mnada. Ya kwanza kabisa ilichukuliwa na muuza kofia aitwaye Genin kwa dola 225, naye akawa mashuhuri nchi nzima, na kofia zake zikanunuliwa. Wengine walielewa somo hilo mara moja: katika mji wa Boston mwimbaji mmoja wa nyimbo za kuchekesha alitoa dola 625, na katika mji wa Providence tiketi ilifika dola 650, kisha aliyeinunua hakwenda hata kusikiliza. Onyesho la kwanza lilifanyika tarehe 11 Septemba katika ukumbi wa Castle Garden, ngome ya zamani ya mviringo iliyosimama kwenye ncha ya kisiwa cha Manhattan. Zaidi ya watu 5,000 waliingia, na wengine walikodi mashua wakakaa majini nje ya kuta, ili wapate japo mabaki ya sauti. Fungu lake la jioni hiyo, karibu dola 10,000, Bibi Lind alilitoa sadaka kwa vyama vya hisani vya mji.

Alishirikiana na Barnum mpaka Juni 1851, kwa maonyesho zaidi ya 90. Kwa hesabu za Barnum mwenyewe, mapato yalizidi dola 700,000, na sehemu ya Bibi ilikuwa dola 176,000 na kitu. Baada ya hapo aliendelea peke yake, akaolewa Boston mwezi Februari 1852 na mpiga piano wake, Otto Goldschmidt, akarudi Ulaya mwaka huohuo. Sehemu kubwa ya fedha aliyoichuma aliikusudia kwa elimu ya watoto maskini wa Uswidi. Walimu na tulikumbuke hilo.

Wakati huohuo jina lake lilikuwa limeanza safari yake lenyewe. Palikuwa na glavu za Jenny Lind, kofia za Jenny Lind, shali, viti na piano za Jenny Lind. Huko Leeds, Uingereza, waliunda injini ya gari moshi wakaipa jina lake tangu mwaka 1847. Na hata leo Wamarekani huuza vitanda vya watoto vya nguzo za kukerezwa wakiviita kwa jina hilo, na wengi wanaovinunua hawajui kwamba ni jina la mtu. Yote haya ni ya kuchekesha. Kuna moja lisilochekesha.

Mwaka 1851 iliundwa katika jimbo la Maine merikebu nzuri yenye mbio, ikaitwa Nightingale, jina la ndege yule, kwa heshima ya Bibi Lind. Na omoni ikawekwa sanamu yake ya kuchongwa. Ilifanya biashara ya chai ya China kwa miaka kadhaa. Baadaye ikaangukia mikononi mwa wafanyabiashara ya watumwa. Tarehe 21 Aprili 1861 manowari ya Marekani iitwayo Saratoga iliikamata pwani ya Kabinda, kaskazini ya mdomo wa mto Kongo. Ndani mlikuwa na watu 961, nao walikuwa bado wanapakiwa wengine. Katika safari ya kuwapeleka Liberia wakaachwe huru, watu wapatao 160 walikufa kwa homa. Hatujui majina yao. Sanamu iliyowatangulia majini ilikuwa ya mwanamke ambaye mwezi Mei 1852, kabla hajaondoka Marekani, alimtolea Bibi Harriet Beecher Stowe fedha za kusaidia kukomboa watoto wa familia moja ya watumwa. Jina la mtu likishatolewa kwa watu wote, mwenyewe hana tena nguvu ya kuliita lirudi nyumbani. Na tusisahau kwamba siku saba tu baada ya onyesho lile la Castle Garden, tarehe 18 Septemba 1850, serikali ya Marekani ilitia sahihi sheria ya kuwarudisha kwa mabwana zao watumwa waliotoroka. Mji uliolia machozi kwa kusikia nyimbo za Bibi Lind ulikuwa chini ya sheria hiyo.

Sasa na turudi kwenye swali letu. Kati ya mashahidi wote hawa, nani aaminike? Kwa maoni yetu, muuza kofia tumweke kando, na Barnum tumweke kando pia. Tuwasikilize kwanza waliomsikia wasifurahi. Mshairi Walt Whitman alimsikia New York, akakiri kwamba ustadi ule ni wa ajabu, lakini akasema haukumgusa moyo. Ushahidi huo una thamani kubwa. Mtu asiyetaka kusifu anapokubali ustadi, ustadi huo bila shaka ulikuwapo.

Kisha tuwasikilize watu wa kazi ileile. Chopin alimsikia London mwaka 1848, akaandika juu ya usafi wake na uhakika wake, na hasa jinsi sauti yake ndogo ilivyokuwa thabiti. Tuangalie neno hilo: sauti ndogo. Sisi husema "sauti yenye nguvu" tukifikiria sauti kubwa. Nguvu ya Bibi Lind, kwa maelezo ya wanamuziki, ilikuwa zaidi katika pumzi. Aliweza kuipunguza sauti hata ikawa kama uzi, na uzi huo ukafika kwa mtu aliyekaa nyuma kabisa. Tena aliweza kuishikilia, kuikuza na kuipunguza tena bila msikilizaji kujua alipovuta pumzi. Katika wimbo wa mchungaji wa Norwe, uliopendwa mno na mashabiki, alijipigia piano mwenyewe na kuigiza mwangwi wa milima: aliita, kisha akajijibu kwa sauti ya mbali, hata wasikilizaji wakageuza vichwa. Katika kipande alichotungiwa na Meyerbeer, aliimba akishindana na filimbi mbili, moja huku na nyingine huku. Mambo haya hayafanywi na tabia njema, wala na matangazo ya magazeti. Yanafanywa na mtu aliyewahi kunyamazishwa Paris na kuanza upya kwenye ngazi ya kwanza.

Lakini ushahidi ulio bora kuliko yote haukuandikwa kwa maneno. Mendelssohn alipokuwa akitunga ule muziki wake mkubwa wa kwaya na okestra juu ya habari za Nabii Eliya, aliitunga sehemu ya sauti ya kwanza ya wanawake akiwa na sauti ya rafiki yake masikioni. Alikuwa ameipenda sana sauti yake moja ya juu, ile ambayo wanamuziki huiita fa iliyopandishwa nusu, na utenzi wa mwanamke unaofungua sehemu ya pili ya kazi hiyo umejengwa juu yake, ukiirudia kila mara. Muziki huo ulipoimbwa kwa mara ya kwanza Birmingham mwezi Agosti 1846, Bibi Lind hakuwapo, akaimba mwingine. Mendelssohn akafariki tarehe 4 Novemba 1847 asimsikie katika sehemu aliyomtungia. Kwa muda mrefu baada ya hapo Bibi Lind hakuweza kuziimba nyimbo za rafiki yake. Desemba 1848 aliiimba hatimaye sehemu ile London, na zikapatikana pauni 1,000 za mfuko wa kuwasomesha wanamuziki vijana kwa jina la Mendelssohn; wa kwanza kuufaidi, mwaka 1856, alikuwa mvulana aitwaye Arthur Sullivan, aliyekuja kuwa mtunzi mashuhuri.

Katika miaka ya uzee wake Bibi Lind alifundisha kuimba katika Chuo cha Kifalme cha Muziki, London, kuanzia mwaka 1883 kilipofunguliwa, na wanafunzi walimwogopa kwa ukali wake juu ya pumzi. Alizikwa Great Malvern. Kuanzia mwaka 1996 picha yake ilikuwa kwenye noti ya kroni 50 ya Uswidi, mpaka noti hizo zilipobadilishwa na kuacha kutumika mwaka 2016. Kitabu cha muziki wa Eliya bado huchapishwa, na kwaya nyingi bado huuimba. Na kila mwanamke anayesimama kuuanza utenzi ule wa sehemu ya pili hulazimika kupanda mpaka kwenye sauti ileile, mahali palepale, iliyochaguliwa kwa ajili ya koo la mtu mwingine.